Tozo ya mafuta: Ni fedha ya Serikali au ni amana?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Siku hiyo mjini hapakosi mazungumzo. Mwenye gari hutazama tarakimu moja tu, bei ya lita ya petroli au dizeli katika mji wake, kisha hushusha pumzi au hulalama, na shughuli huishia hapo. Wachache sana husogea mbele wakatazama bei hiyo imejengwaje: bei ya kununulia nje, gharama za meli na bandari, faida ya muuzaji, halafu mlolongo wa kodi na tozo. Katika mlolongo huo imo tozo ya barabara. Hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze, kwa sababu ndani yake limejificha swali ambalo si la wachumi peke yao. Fedha ile, baada ya kutoka mfukoni mwa mtu na kabla haijageuka kuwa lami, ni mali ya nani?

Wapo watakaoliona swali lenyewe kuwa la kitoto. Watasema kodi ikishalipwa ni ya Serikali, na Serikali itaifanyia inachoona inafaa. Kwa kodi nyingi jibu hilo linatosha. Anayekatwa kodi kwenye mshahara hajaambiwa shilingi yake itakwenda wapi. Imechanganywa na nyingine katika chungu kimoja, na Bunge ndilo linalopakua. Lakini tozo ya mafuta haikuletwa kwetu kwa mtindo huo.

Kwa vijana ambao hawakuwepo au walikuwa wadogo, ni vyema tukumbushane. Miaka ya 1980 barabara za nchi hii zilikuwa zimechoka kabisa. Fedha za matengenezo zilikuwa zikitoka kwenye bajeti ya kawaida, na bajeti ya kawaida ina watoto wengi: mishahara, dawa, chaki, madeni. Barabara ni mtoto asiyelia. Mwaka 1991 Bunge likaazimia kuwepo na Mfuko wa Barabara. Mwaka 1998 sheria ya tozo za barabara ikafanyiwa marekebisho, Mfuko ukapata msimamo wa kisheria na Bodi yake, na Julai 2000 Wakala wa Barabara, TANROADS, akaanza kazi. Mvua za El Nino za 1997 na 1998, zilizobomoa madaraja na kukata barabara katika mikoa mingi, bado zilikuwa mbichi katika kumbukumbu za watu.

Sheria ile iliweka sharti moja ambalo ningependa kila mwananchi alijue. Angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko zitumike kwa matengenezo na ukarabati wa dharura. Zisizozidi asilimia 10 ndizo zinazoweza kwenda kwenye kuendeleza barabara. Yaani watunga sheria walijifunga mikono wao wenyewe. Walijua kwamba kesho watatokea wakubwa, pengine wao wenyewe, watakaotamani kuzichukua fedha hizo kwa jambo jingine zuri zaidi machoni pa watu, na wakaamua mapema kuufunga mlango.

Sasa, mtu akikwambia "nipe shilingi mia, ni ya barabara", na wewe ukampa kwa neno hilo, amechukua nini mkononi mwake? Tutazame mambo yetu ya kila siku. Watu wa mtaa wanachangishana kuchimba kisima. Mweka hazina anakusanya, fedha zinatimia nusu, kisha anaona jenereta la shule limeharibika na watoto wanakaribia mitihani. Anachukua fedha za kisima ananunua jenereta. Jenereta lilihitajika, hilo hapana anayelikataa. Hakula hata senti moja. Lakini waliochanga watakapokutana, wataona wametendewa haki? Wengi watasema hapana, na watasema hivyo hata wale ambao watoto wao wanasoma kwa taa ya jenereta lile. Wanacholalamikia ni kwamba walipewa neno na neno halikutunzwa. Fedha iliyotolewa kwa jina haiwi tena fedha tu. Imekuwa amana, na mwenye kuishika hana uhuru nayo aliokuwa nao kwa fedha yake.

Hoja ya upande wa pili ina nguvu, na imewahi kutolewa na watu wazito. Uingereza ilianza mapema katika jambo hili. Mwaka 1909 ilitungwa sheria iliyotoza petroli na magari ili fedha ziende kwenye barabara, na mwaka 1920 ukaundwa Mfuko wa Barabara. Magari yakaongezeka kuliko ilivyodhaniwa, Mfuko ukanona. Winston Churchill alipokuwa Waziri wa Fedha, mwaka 1926 na tena 1927, alitia mkono humo akachukua fedha kuziba mapengo ya bajeti yake. Wenye magari walipiga kelele wakasema wameibiwa. Upande wa Hazina msimamo ulikuwa kwamba hakuna kundi la walipa kodi linaloweza kudai kodi yake irudi kwake. Mnywaji wa pombe hadai kodi ya pombe ijenge vilabu. Kwa nini mwenye gari adai kodi ya petroli ijenge barabara? Mwaka 1937 fungamano lile la kodi na barabara likakatwa kabisa, na tangu hapo kwa miaka mingi kodi ya mafuta ya Waingereza imekuwa ikiingia chungu kimoja na kodi nyingine.

Hoja hii tusiibeze. Mfikirie mama mjamzito aliyefika zahanati akaambiwa aende na glavu na uzi wake. Wakati huo huo kuna mfuko wenye fedha, zimewekwa kando kwa ajili ya kufukia mashimo, na hapana anayeruhusiwa kuzigusa. Je, shimo la barabarani lina haki kuliko mama yule? Ukiliuliza hivyo, kila mwenye moyo atasema hapana. Na wako watu waadilifu kabisa wanaopinga mifuko ya namna hii kwa sababu hiyo tu: kila mwaka Bunge linatakiwa lipime mahitaji yote kwa mizani moja, na fedha zilizofungwa kamba zinaiondoa mizani mikononi mwake.

Pamoja na hayo, naona hoja hiyo inaruka hatua moja. Inazungumzia fedha kama kwamba zilianguka kutoka mbinguni na sasa tunagombania kuzigawa. Hazikuanguka. Ziliombwa, na ziliombwa kwa maneno maalumu. Wamarekani wana mfano mzuri wa njia zote mbili. Serikali yao kuu ilipoanza kutoza petroli mwaka 1932, senti moja kwa galoni, haikuahidi barabara yoyote. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi na fedha zilitakiwa kuokoa bajeti. Hapo hapana aliyedanganywa. Mwaka 1956 ndipo Bunge lao lilipopitisha sheria ya barabara kuu za nchi nzima, tozo ikapandishwa kutoka senti 2 hadi 3, na fedha zikawekewa mfuko wake. Na mfuko huo waliupa jina ambalo ndani yake limo neno la amana. Tozo ya 1932 na ile ya 1956 zilitoka kwenye pampu ile ile, kwa mtu yule yule, lakini kimaadili si kitu kimoja. Mtu aliyekubali mzigo kwa sababu ya ahadi ana dai ambalo aliyebebeshwa tu hana.

Basi dai hilo ni la nani? Hapa ndipo wengi tunapopotea, na wenye magari ndio wanaotupoteza. Wao husema: sisi ndio tunaolipa, barabara ni zetu. Redioni utawasikia wakizungumza kama wenye hisa kwenye kampuni.

Kwanza, wengine hawalipi kadiri wanavyoharibu. Wamarekani walifanya jaribio kubwa jimboni Illinois kati ya 1958 na 1960, wakaendesha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio hadi zikachakaa, wakapima. Kanuni iliyotokana na jaribio lile, ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo kama makadirio, ni kwamba uharibifu hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 haiumizi barabara mara 10 kuliko ekseli ya tani moja. Inaiumiza kama mara 10,000. Lakini lori hilo linakunywa mafuta labda mara tano au sita ya gari dogo kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo tozo ya lita inamfanya mwenye gari dogo amlipie mwenye lori, na tofauti yake ni kubwa mno. Ndiyo maana mizani za barabarani si usumbufu tu kama madereva wanavyozisema. Mwaka 2013 Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alipoondoa nafuu ya asilimia 5 ya uzito uliozidi, wasafirishaji waligoma, malori yakajaa kwenye mizani, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akalisimamisha agizo lile. Asilimia 5 inaonekana ndogo. Ukiipitisha kwenye kipeo cha nne, inakaribia uharibifu wa asilimia 22 zaidi. Nani aliyelipa tofauti hiyo? Hakuwepo mezani siku ile ya mazungumzo.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, wanaolipa si wenye magari peke yao. Mvuvi wa Kilwa au Mafia anayenunua petroli kwa ajili ya mashine ya boti yake analipa tozo ya barabara kwa safari ambayo haina barabara. Mwenye mashine ya kusaga inayotumia dizeli, kijijini ambako umeme haujafika, analipa, na kwa kweli anayelipa ni yule bibi aliyepeleka debe lake la mahindi. Mama ntilie wa Kariakoo hana gari wala hatarajii, lakini nyanya zake zimetoka Ilula, mchele umetoka Kyela, na kila kilomita ya safari hiyo imo ndani ya sahani anayouza. Abiria wa daladala kutoka Mbagala analipa nauli ambayo LATRA huipanga kwa kuangalia bei ya mafuta. Ukitaka kumpata Mtanzania asiyechangia Mfuko wa Barabara itakubidi utembee sana, na huko utakakompata hakutakuwa na barabara.

Na wapo waliolipa hata bila kuguswa na tozo yenyewe. Wasomaji watakumbuka neno uchakachuaji lilivyoenea mwaka 2010. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo, dizeli ina mkubwa. Wajanja wakawa wanachanganya na kuuza. Mapato yalipotea, injini zikafa. Dawa iliyopatikana katika bajeti ya 2011/12 ilikuwa kupandisha ushuru wa mafuta ya taa, kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya shilingi 400 kwa lita, ili faida ya kuchanganya iondoke. Kihesabu dawa ilikuwa sahihi. Lakini aliyekuwa akiwasha koroboi na jiko la mafuta ya taa mwaka ule hakuwa mchakachuaji. Alikuwa mpangaji wa chumba kimoja Tandale na mkulima wa Liwale. Walibebeshwa adhabu ya kosa wasilolijua ili hazina ya mafuta ya magari isivuje. Sijasikia mwenye gari hata mmoja aliyewashukuru.

Ikiwa mambo ni hayo, basi dai la amana hii haliko kwa mwenye gari. Liko kwa kila mlaji. Na hapo hesabu ya ugawaji inabadilika. Kwa miaka mingi mgao wa Mfuko ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, asilimia 30 kwa barabara za wilaya na vijiji, ambazo tangu 2017 ziko chini ya TARURA. Mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya TARURA. Mjini tulinung'unika. Mimi naona nyongeza ile ilikuwa na uhalali kuliko nyingi nilizoziona, kwa sababu ilitajwa jina, ilitajwa atakayepokea, na aliyepokea ni yule ambaye alikuwa akilipa kwa miaka mingi huku akipita kwenye matope. Miaka miwili baadaye, katika bajeti ya 2023/24, ikaja shilingi 100 nyingine, safari hii kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Miradi yenyewe, reli na bwawa la umeme, ni mikubwa na nchi inaihitaji. Lakini jina "miradi ya kimkakati" ni pana kama bahari. Huwezi kumshitaki mtu kwa kuvunja ahadi ambayo haina mipaka.

Wanavyuoni wetu wa zamani walilijadili suala la kutoza watu juu ya yaliyofaradhishwa, na hawakulirahisisha. Inaelezwa kuwa Wamongolia walipokaribia Misri mwaka 1260, mtawala Qutuz alitaka kuwatoza raia ili kugharamia jeshi. Izz bin Abdus-Salaam hakumkatalia. Alimwekea sharti: Hazina iwe tupu kweli, na wakuu wa dola na wanajeshi watoe kwanza mapambo yao ya dhahabu na mali walizojirundikia, wabaki sawa na raia wa kawaida. Baada ya hapo, watozeni. Sharti lile halikuhusu kiasi cha kodi hata kidogo. Lilihusu mpangilio: nani anaanza kuumia. Ukilileta kwenye lita ya mafuta ya leo, swali linakuwa jepesi kulisema na gumu kulijibu. Kabla ya kuongeza shilingi 100 kwa bibi mwenye debe la mahindi, misafara ya magari ya kifahari yanayokunywa lita 20 kwa kilomita 100 imepunguzwa kwa kiasi gani?

Lakini tusifikiri khiyana ni kuiba au kuhamisha tu. Kuna namna nyingine iliyo ya kimya, nayo ni kuacha kutengeneza. Mtaro ukizibuliwa, hapana mgeni rasmi. Kalavati likisafishwa kabla ya masika, hapana utepe wa kukata wala ngoma. Ndiyo maana kila nchi inapenda kujenga kuliko kutunza, na ndiyo maana lile sharti la asilimia 90 lina hekima kubwa kuliko linavyoonekana. Inasimuliwa, kwa njia zaidi ya moja, kwamba Umar bin Khattab alikuwa akihofia kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama aliyejikwaa Iraq, kwa nini hakumsawazishia njia. Tumezoea kuisikia simulizi hii kama sifa ya huruma yake. Tuisikilize pia kama mhandisi wa matengenezo angeisikiliza. Njia ilikuwepo. Kilichokosekana ni kuisawazisha.

Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Kilwa. Mabasi yalikwama, abiria wakalala njiani, bidhaa zikapanda bei kusini. Mvua ile ilikuwa kubwa, na si haki kumlaumu mtu kwa kila daraja linaloondoka na maji. Ila kipindi kama hicho ndicho kinachoonyesha thamani ya fedha za dharura kuwa mahali pake zinapohitajika. Tozo hukusanywa na TRA, hupita Hazina, ndipo hufika kwenye Mfuko, na kutoka huko kwenda kwa wakala, na kutoka kwa wakala kwenda kwa mkandarasi mwenye greda. Kila mlango katika njia hiyo una mtu mwenye sababu nzuri ya kuchelewesha. Fedha ya kalavati iliyofika Juni baada ya masika imefika, vitabu vitaonyesha hivyo. Na kalavati halipo.

Jirani zetu Kenya wamelipeleka suala hili mbali zaidi, na kwa hiyo inafaa tuwatazame kwa makini. Wao walikuwa na sheria ya mfuko wa matengenezo ya barabara tangu 1993, kabla yetu. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, damu ikamwagika, na tarehe 26 Juni Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Mwezi uliofuata tozo ya barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 za Kenya kwa lita. Haikuhitaji muswada. Sheria inampa waziri uwezo wa kuipanga kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Zingatia mfuatano huo: mlango wa mbele umefungwa kwa gharama ya maisha ya watu, na mlango wa pembeni uko wazi kisheria. Sisemi kilichofanyika kilikuwa kinyume cha sheria. Nauliza kama kuwa ndani ya sheria kunatosha.

Kisha mwaka 2025 likaja jambo jipya. Serikali ya Kenya ilikuwa ikidaiwa na wakandarasi wa barabara madeni ya miaka mingi. Ikachukua shilingi 7 kati ya zile 25, ikauza haki ya mapato yake ya miaka ijayo kwa wawekezaji, lengo likiwa kupata shilingi bilioni 175 taslimu za kulipa madeni hayo. Wakandarasi walikuwa na haki. Wengine walikuwa wamekopa benki, mitambo imepigwa mnada, vibarua hawajalipwa. Mwenye kufanya kazi alipwe ujira wake, na hilo halina mjadala. Wala haiwezi kusemwa kuwa fedha zimekwenda nje ya barabara. Zimekwenda kwa waliojenga barabara.

Hata hivyo kuna kitu kinachonitatiza, na wala si riba iliyomo ndani yake, ambayo hukumu yake ina wenyewe. Tozo ilianzishwa kwa ajili ya matengenezo, na matengenezo ni deni la kila mwaka kwa mtumiaji wa mwaka huo. Dereva wa bodaboda atakayejaza petroli miaka sita ijayo, ambaye leo yuko darasa la tano, atalipa shilingi 7 kwa kila lita kwa ajili ya barabara iliyojengwa kabla hajajua kusoma, huku barabara atakayokuwa akipita siku hiyo ikisubiri fedha. Wazazi wake walipiga kura, kwa uchache. Yeye hakuulizwa. Wapo watakaojibu kwamba barabara ya zamani ndiyo hiyo hiyo atakayopita. Kweli, kama itakuwa imetunzwa. Na fedha za kuitunza ndizo zilizouzwa.

Wakati huo huo magavana na wabunge wa huko wamekuwa wakivutana mahakamani juu ya shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo, magavana wakidai Katiba ya 2010 iliwapa barabara za kaunti, wabunge wakitaka fedha zipite kwa mamlaka za kitaifa. Kila upande una vifungu vyake. Mwananchi aliyelipa hana kifungu.

Je, Bunge linaweza kubadilisha ahadi liliyoitoa kwa sheria? Linaweza. Lililofunga kwa kura linaweza kufungua kwa kura, vinginevyo tungetawaliwa na wafu. Na yule mama wa zahanati anaweza kuwa sababu tosha ya kufungua. Ila kuna tofauti kati ya kusimama mbele ya watu ukasema, "Tuliwaambia fedha hizi ni za barabara, sasa tunazihitaji kwa jambo hili, kwa kiasi hiki, hadi mwaka huu, na tunajua tunarudi nyuma katika neno letu", na kulipitisha jambo hilo hilo kwa kanuni, kwa kuchelewesha mgao, au kwa kubadilisha maana ya neno "barabara". Kule kwa kwanza ni mwenye amana anayemwomba mwenye mali ruhusa. Mwenye mali anaweza kukataa, na kura yake ipo. Wamarekani, kwa kasoro zao zote, tangu mwaka 2008 mfuko wao ulipopungukiwa wamekuwa wakiujaza kutoka Hazina kuu kwa kupitisha sheria hadharani, kwa sababu senti zao 18.4 kwa galoni hazijapandishwa tangu 1993 na hapana mwanasiasa anayetaka kuwa wa kwanza kuzigusa. Wanalipa kwa woga, lakini wanalipa mbele ya watu.

Suala hili litatufikia sisi upya, tena karibuni. Bajaji na teksi nyingi za Dar es Salaam sasa zinatumia gesi asilia, na pikipiki za umeme zimeanza kuonekana. Gari linalotembea kwa gesi halilipi tozo ya petroli, na lami haijui tofauti. Juni 2024 Serikali ilipeleka bungeni pendekezo la kutoza shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi ya magari, kwa hoja hiyo hiyo ya barabara, na malalamiko yakawa mengi. Yule kijana wa bajaji aliyekopa kufunga mtungi wa gesi kwa sababu petroli ilimshinda, na Serikali yenyewe ilikuwa ikimhimiza, alikuwa na neno la kusema. Na bibi wa mashine ya kusaga, ambaye dizeli yake itaendelea kulipia mashimo ya mjini kila bajaji moja inapohamia kwenye gesi, naye ana la kwake. Wote wawili ni maskini na wote wawili wana haki, na wabunge watakapokaa tena kuamua, mmoja wao tu ndiye atakayekuwa na uwezo wa kuegesha bajaji mbele ya geti kupinga.